Herufi Iliyosomeka Chai

Vijana wa mashine ya kuchapa mabango wameniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tukifanya kazi kabla yao. Sidhani wanataka kujua. Nadhani wanataka niondoke pale mlangoni kwao, ambapo nimekuwa nikikaa tangu nistaafu, nikiwaambia kila bango linalotoka kwamba limeinama. Lakini wameomba kwa adabu, na daftari wamelinunua wao, basi naandika.

Jina langu ni Mbwana. Kazi yangu ilikuwa kuandika vibao kwa mkono: maduka, malori, vinyozi, madrasa, mabucha, hata makaburi mawili. Nimefanya kazi Mji wa Kale, Biashara Street, Mwembe Tayari na Tudor, na sijawahi kuvuka kivuko kwa ajili ya kibao. Mtu wa ng'ambo akitaka herufi zangu, alikuja na ubao wake kichwani.

Siku ya kwanza nilifika kwa Fundi Nurdin nimevaa shati jeupe. Mamangu alisikia neno "mwandishi" akadhani nakwenda ofisini, akanipigia pasi. Kufika adhuhuri shati lile lilikuwa na rangi saba, na Fundi Nurdin alikuwa amelitumia kufutia brashi zake, mimi nikiwa ndani yake. Hakuwa mkali. Alikuwa na jicho moja zima, na alisema hilo lilimtosha kwa sababu mstari ni mmoja.

Alinipa brashi na ukuta wa nyuma ya karakana, akaniambia nipige mistari. Miezi mitatu nilipiga mistari, ya kulala na ya kusimama. Ukuta ulipojaa ukawa mweusi kabisa, akaupaka chokaa, akaniambia, "Haya, sasa anza."

Vijana, kuhusu zana nitasema machache. Brashi nzuri ni ile ambayo manyoya yake hurudi pamoja kila unapoinua mkono. Ioshe kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha ipake mafuta ya nazi kidogo kwenye ncha, uilaze imenyooka. Nimeona watu wakiwatunza waume zao vibaya kuliko hivyo. Fimbo ya kuegemeza mkono iwe na kitambaa kichwani isije ikaparuza rangi. Uzi wa chaki huhitaji watu watatu: wawili waushike, wa tatu auvute na kuuachia upige mstari ukutani. Kama mko wawili, ncha moja ifungeni kwenye msumari. Kama uko peke yako, sema unaumwa.

Kosa langu la kwanza la hadharani lilikuwa bucha. Mwenyewe alitaka NYAMA SAFI KILA SIKU. Sikupima. Ukuta uliniishia kwenye SIK, na ile U ikabidi niizungushe kona, ikaingia kichochoroni, ambako iko mpaka leo. Fundi Nurdin hakunigombeza. Alinipeleka kichochoroni, tukasimama mbele ya ile U, tukaitazama kama watu waliokwenda kumzuru mgonjwa.

Jambo kubwa alilonifundisha ni kuandika nisichokijua. Biashara Street ya siku zile ilikuwa na vibao vya Kigujarati, na sisi hatukujua hata herufi moja yake. "Herufi unayoijua utaiharibu, kwa sababu wadhani waijua," alisema. "Usiyoijua ichore kama sura ya mtu mgeni. Usimwongeze pua, usimpunguze sikio." Nikafuata. Muuza halua mmoja alituletea maneno yake kwenye karatasi, nami nikayanakili yote, pamoja na alama moja ndogo ya njano mwishoni ambayo baadaye tulikuja kujua ilikuwa tone la mchuzi. Mwenye duka alipoona kibao alisema hajapata kuona mkono mwaminifu namna ile. Mchuzi ule ulikaa juu ya mlango wake mpaka alipohama.

Fundi Nurdin alifariki, Mungu amrehemu, nikabaki na karakana. Miaka iliyofuata naipita, maana kazi ikienda vizuri haina cha kusimulia. Nafika kwa Bwana Zaki.

Zaki ni muuza kanga, yeye na babake na babu yake, pale pale Biashara Street. Siku hizi kanga nyingi hutoka Uchina, naye akaanza kwenda mwenyewe kuzifuata. Aliporudi safari ya pili alikuja karakanani kabla hata hajafika kwake, akanionyesha picha kwenye simu. Ukuta wa matofali, wa zamani, na juu yake herufi moja nyekundu, kubwa kuliko mlango, imezungushiwa duara.

"Fundi, waiona hii?"

"Naiona."

"Mtaa mzima umejaa hii. Mwaka wa kwanza niliiona kwenye vijumba na viduka kama hivi vyetu. Mwaka huu nimerudi mtaa ule ule. Wajua nimekuta nini?"

"Nini?"

"Maghorofa! Kila palipokuwa na alama hii, sasa pana ghorofa la vioo. Pasipokuwa nayo, pamebaki vile vile na unyonge wake."

"Ulimuuliza mtu maana yake?"

"Yakhe, niulize nini na mimi nimeona kwa macho yangu?"

Nakiri kwamba nilitafuta tundu kwenye hoja yake sikuliona. Siku ya pili nikapanda ngazi.

Herufi yenyewe ni hii: 拆. Kwangu ilikuwa sura ya mtu mgeni. Kushoto niliona kama mtu mwembamba aliyebeba fimbo begani, kulia kama meza iliyovunjika mguu, na kwenye mguu wa meza, nukta moja. Nilianza na duara, nikafuata na ile nukta kwa sababu ndiyo iliyonipendeza, kisha nikajaza sehemu nyingine nikielekea nje. Siku mbili ilinichukua. Nilipoteremka Zaki alikuwa na machozi.

Na wateja waliongezeka, sisemi uongo. Watu walisimama kuutazama ukuta, na mwanamke akishasimama mbele ya duka la kanga hawezi kuondoka mikono mitupu. Lakini mtaa haukusema ni kusimama. Mtaa ulisema ni herufi. Jirani wa kushoto akaja, jirani wa kulia akaja. Nikaandika kwa kinyozi, kwa fundi cherehani, kwa muuza viatu, kwa mng'oa meno mmoja wa Mwembe Tayari. Nikaandika mgongoni mwa tuktuk sita. Seremala mmoja aliniletea ubao wa kichwani wa kitanda cha harusi, nikaandika kwa rangi ya dhahabu. Kitanda kile kilivunjika wiki ya kwanza, na watu wakaona huo ndio ushahidi.

Kuta kwa jumla zilikuwa kumi na nne. Ya mwisho ilikuwa ya Bi Rukia, Tudor. Bi Rukia ni mjane mwenye mkahawa mdogo, mahamri na mbaazi asubuhi, viazi vya rojo jioni, na kwa birika lake amesomesha mabinti watatu. Mkahawa ulikuwa umepakana na ghala kuukuu lililofungwa miaka mingi. Alitaka herufi kubwa kuliko ya Zaki. Nikampa.

Sasa ikaja asubuhi moja. Nilikuwa juu ya ngazi dukani kwa Zaki nikiung'arisha wekundu wa duara, akatokea binti wa Kichina, miwani machoni, mfuko wa kitambaa begani. Akasimama chini yangu, akatazama ukuta, uso ukambadilika.

"Chai," alisema, akionyesha kidole.

Zaki alitoka na kiti mbio. "Karibu, karibu! Chai yaja sasa hivi." Akapiga kelele ng'ambo ya barabara iletwe.

"Hapana, samahani. Hii ni chai."

"Ndiyo, mwanangu. Ya maziwa au mkandaa?"

"Sihitaji kinywaji, bwana. Nasema ukuta wenu ni chai."

Zaki akanitazama juu ya ngazi kutaka msaada. "Labda ataka ya tangawizi," nikasema.

Ikaja ya maziwa, ikaja na ya tangawizi. Yule binti, kwa kuwa alikuwa na malezi mazuri, alikaa akanywa zote mbili. Kisha akaweka kikombe chini, akazungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, cha mtu aliyesoma kwa vitabu.

"Naitwa Lin. Mimi ni mkalimani, ninaishi Tudor. Herufi hii kwa lugha yetu husomwa chai. Maana yake ni kubomoa. Kwetu huandikwa ukutani kabla ya kuleta tingatinga. Nimezihesabu tisa tangu nyumbani kwangu hadi hapa, na ningependa kujua wakazi watahamishiwa wapi."

Muuza viatu wa jirani, aliyekuwa akisikiliza, aliingia ndani akafunga mlango.

"Na kuna ile ya tuktuk," Lin aliendelea. "Hiyo ndiyo sikuielewa kabisa."

Zaki alinigeukia. "Si nilikwambia uulize, Fundi?"

Nilishuka ngazi. Sijui kama mnaelewa nilivyohisi. Fundi anaweza kukosea herufi moja katika neno, akarudi usiku wa Ijumaa akairekebisha kimya kimya. Mimi sikukosea hata mkwaruzo mmoja. Nilikuwa nimeandika kwa mkono mwaminifu, mara ishirini na moja, kwamba mji wangu ubomolewe.

Nikamwomba Lin aje karakanani anifundishe, maana niliona aibu kufuta kitu nisichojua hata kinaanzia wapi. Alikuja alasiri ya siku ile ile. Nikamwandikia herufi yangu kwenye ubao. Aliponiona naanza na nukta, alifumba macho.

"Mzee Mbwana, ni kama mtu anayeanza kuvaa viatu, halafu soksi."

Alinichukulia ndoo ya maji, akachovya brashi, akaniandikia kwenye sakafu ya saruji. Maji yalikauka, herufi ikapotea, akaniambia niandike mimi. Ikakauka, niandike tena. Mapigo ya brashi ni manane na kila moja lina zamu yake. Matatu ya kwanza ni ule upande wa kushoto, ambao si mtu wala fimbo, ni mkono. Kisha miinamo miwili, wa kwanza mfupi, wa pili mrefu. Kisha mstari wa kulala, mstari wa kusimama, na nukta mwisho wa yote. Upande wa kulia, alisema, zamani sana ulitokana na picha ya shoka. Mkono na shoka. Nilipojua hivyo herufi iliacha kuwa meza iliyovunjika, na mkono wangu ukatulia. Nilipiga magoti kwenye ile saruji, mtu mwenye wajukuu, nikipiga mistari ya maji mpaka adhana ya Magharibi, na nawaambia kweli, nilikuwa na furaha.

"Na hii nukta nikiiacha?" nilimuuliza.

"Inakuwa herufi nyingine, 折. Ni kuvunja, au kukunja. Lakini madukani tunaitumia kutangaza kwamba bei imepunguzwa."

Nilirudi kwa Zaki asubuhi na kikwangulio mkononi. Nikamweleza kwamba sitaharibu ukuta, naondoa nukta tu, na Mchina yeyote atakayepita atajua kwamba hapa bei zimepunguzwa.

"Zimepunguzwa?" Zaki alishika moyo. "Nani kapunguza? Babangu hakupunguza, babu yangu hakupunguza. Nukta isiguswe, Fundi. Bora nibomolewe."

Wengine nao walikataa, kila mmoja kwa sababu zake. Kinyozi alisema wateja wake hawajui Kichina. Mng'oa meno aliuliza kama kuna herufi ya kubomoa bila maumivu. Kwa Bi Rukia nilikwenda na matumaini, maana ni mwanamke wa akili. Nikamweleza kwamba herufi yasomwa chai, na kabla sijafika kwenye maana alipiga makofi.

"Chai! Nami nauza nini? Si chai? Basi umeniandikia ninachouza, Mbwana, hata bila kujua. Hiyo ni baraka."

"Bi Rukia, maana yake kwao ni—"

"Kwao ni kwao. Hapa ni chai. Keti nikupe."

Nikaketi. Ningefanya nini?

Wiki ya pili yake simu ililia, saa nne asubuhi. Yangu ni ile ya mulika mwizi, haina picha, ina sauti tu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Bi Rukia.

"Mbwana, ndoo! Ndoo upesi! Mchina wako yuwala ukuta wangu!"

Nilikamata kopo na brashi kwa mazoea, kama daktari anavyokamata mkoba, nikarukia tuktuk. Nilipofika Tudor nilikuta tingatinga la njano limepandisha mkono juu ya mkahawa. Kona ya jiko ilikuwa imekwenda. Sufuria ya mbaazi ilikuwa bado juu ya jiko, inachemka, na nyuma yake palikuwa na anga. Wateja walikuwa wamehamia na mahamri yao upande wa pili wa barabara, na wanaendelea kula. Mbele ya tingatinga alisimama Bi Rukia, birika mkononi, na mbele ya Bi Rukia alisimama msimamizi, Mchina mtu mzima mwenye kofia ngumu, kikombe mkononi.

"Kimetokea nini?"

"Hawa wamekuja kubomoa ghala," Bi Rukia alisema. "Mwenye ghala kawaleta. Huyu baba akaja kwangu, akaonyesha ukuta, akaniuliza, 'Chai?' Nikamwambia ndiyo, baba, chai! Nikampa kikombe. Akanywa. Akaonyesha tena ukuta wote, mpaka jikoni, 'Chai?' Nikamwambia chai tele, karibu! Akainama kwa heshima, Mbwana, akainama mpaka hapa, halafu akaenda akaliita lile lidude."

Mwanamke yule alikuwa ameombwa ruhusa ya kubomolewa, mara mbili, na mara mbili alikubali kwa ukarimu.

Nilimpigia Lin. Nikamweleza kwa pumzi moja, akasema nimpe msimamizi simu. Walizungumza kwa muda. Msimamizi alisikiliza, akatikisa kichwa, akazungumza kwa upole, akanirudishia simu.

"Mzee Mbwana," Lin alisema, "amesikitika sana. Lakini anasema kwenye simu mtu yeyote anaweza kusema lolote. Yeye amefanya kazi miaka thelathini na anafuata maandishi. Ukuta umeandikwa ubomolewe, na mwenye nyumba amethibitisha kwa mdomo wake. Kama kuna mabadiliko, yawe kwa maandishi."

"Basi nafuta!"

"Hapana, usifute. Akikuona unafuta atafikiri unaharibu amri. Ongeza. Kabla ya chai weka neno la kukataa. Ni herufi nyepesi, mapigo manne tu. Una brashi?"

Nilikuwa nayo. Nikabana simu kati ya sikio na bega. Wao huandika kutoka kushoto, na kushoto mwa herufi yangu palikuwa na neno MBAAZI, nililoliandika mwenyewe mwaka ule ule.

"Mbaazi usiziguse!" alisema Bi Rukia.

"Bi Rukia, ni mbaazi au nyumba."

Akafikiri. Wallahi, alifikiri. Kisha akageuza uso.

Nikapaka juu ya mbaazi. "Haya, mwanangu, sema."

"Kwanza mstari wa kulala, kutoka kushoto kwenda kulia. Umemaliza? Sasa anzia chini ya katikati yake, shuka ukiinama kushoto."

"Nimeshuka."

"Sasa mstari wa kusimama, chini moja kwa moja. Mwisho, upande wa kulia, nukta ndefu inayoteremka."

Tingatinga lilikuwa likinguruma nyuma yangu na mkono wake ulikuwa bado juu. Nimeandika vibao kwenye jua kali, kwenye upepo wa kusi, na mara moja juu ya lori lililoanza kuondoka, lakini sijapata kuandika kitu huku shingo yangu ikisikia joto la mashine. Nikamaliza. 不. Nikarudi nyuma hatua moja. Msimamizi alikuja karibu, akachutama, akatazama ukuta kwa jicho la nusu. Akatikisa kichwa.

"Amekataa," nilimwambia Lin. Nikampa simu tena msimamizi.

Alisema maneno machache akanirudishia. "Hajakataa," alisema Lin. "Anasema inasomeka, lakini mguu wa kushoto ni mfupi. Anasema haina heshima mbele ya ile nyingine, ambayo ni nzuri. Anakuomba uirudie."

Nikairudia. Mguu wa kushoto niliuvuta kwa pumzi moja, kama Fundi Nurdin alivyokuwa akitaka. Msimamizi akachutama tena. Akasoma kwa sauti, "Bu chai," akasimama, akapiga picha kwa simu yake kumpelekea mkubwa wake, akainua mkono. Mtambo ukanyamaza.

"Yuasema nini?" Bi Rukia aliuliza.

"Asema hapana chai."

"Hapana chai vipi, na birika limejaa?" Na akamjazia kikombe.

Jioni ile wale wafanyakazi waliijenga kona ya jiko upya, na msimamizi mwenyewe akaipima kwa timazi. Imenyooka kuliko ilivyokuwa. Bi Rukia alilia mara ya kwanza walipomaliza, si walipobomoa, na alipokwisha kulia aliniuliza mbaazi zake nitaziandika wapi. Niliziandika mlangoni.

Habari zilifika Biashara Street kabla yangu. Zaki alikuwa amesimama nje na ngazi ameiegemeza mwenyewe. Ikanichukua wiki tatu kuzungukia kuta zote na kuongeza neno la kukataa, na tuktuk moja moja kila zilipopatikana zimesimama. Kitanda cha harusi nilikiandikia mbele ya wenyewe, na yule bibi harusi alipoelezwa maana alicheka mpaka akakaa chini. Mng'oa meno peke yake ndiye aliyekataa nisimwongezee kitu. Lin alisema kwake tuache.

Lilibaki ghala. Halikuwa limebomolewa, kwa sababu ndogo tu: halikuandikwa kitu. Msimamizi alikuwa amelizunguka pande zote, hakuona herufi hata moja, na kwa sheria yake jengo lisiloandikwa haligusi. Mwenye ghala alimpigia simu akafoka, bure. Siku ya nne baada ya mimi kumaliza kuta zile wakaja karakanani, msimamizi na Lin, na Lin akacheka kabla hajafungua mdomo.

"Mzee Mbwana, anauliza kama unaweza kumwandikia chai. Anasema mkono wake si mzuri, na ameona wako."

Nikachagua brashi pana. Ukuta wa ghala ulikuwa na ukungu, nikausugua kwa msasa, nikapiga uzi wa chaki, Lin ameshika upande mmoja na msimamizi upande wa pili. Nikaandika. Mkono kwanza, mapigo matatu. Miinamo miwili. Wa kulala, wa kusimama. Nilipofika kwenye nukta nilisita kidogo, maana kwa mara ya kwanza nilijua ninachokisema. Nikaiweka. Duara mwisho. Msimamizi alichutama, akatazama kwa muda mrefu kuliko siku ile ya kwanza. Hakutikisa kichwa. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akatuongoza mpaka ng'ambo ya barabara, ambako Bi Rukia alikuwa ameshahamishia sufuria zake na kuzifunika kwa sababu ya vumbi.

Vijana, kwa miaka arobaini nimeandika USIKOJOE HAPA, watu wakakojoa huku wakiisoma. Nimeandika USIEGESHE GARI, wakaegesha. Nimeandika POLEPOLE kwenye malori ambayo sijawahi kuyaona yakienda polepole. Siku ile niliandika neno moja ukutani, na kabla rangi haijakauka jengo zima lilikuwa chini. Nikaosha brashi yangu kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, nikaenda nyumbani kumwambia mke wangu kwamba nimestaafu.